Bandari, bajeti na baraza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lamu kuhusu maendeleo

Maswali haya hatukuyatunga sisi. Yameulizwa Mkunguni baada ya alasiri, jetini Mokowe watu wakingoja boti ijae, Faza, Hindi, na mengine nyumbani juu ya kahawa. Yaliyoulizwa kwa hasira tumeyaacha na hasira yake.

"Maendeleo jumuishi na endelevu" maana yake nini? Semeni kwa lugha ya watu.

Jumuishi: kila anayeguswa na jambo yumo ndani yake, katika kuliamua na katika kulila. Endelevu: cha leo kisile cha kesho. Maana inayotumika duniani ilitoka mwaka 1987, katika ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwei: kukidhi mahitaji ya walio hai bila kuwanyima watakaozaliwa uwezo wa kukidhi yao. Mwaka 2015 mataifa yakaafikiana malengo 17 ya kufikiwa ifikapo 2030.

Mvuvi wa Kizingitini haitaji ripoti hiyo. Anajua anayevuta juya lenye matundu madogo anakula samaki wa leo pamoja na watoto wake. Anachohitaji ni kujua kwamba kwetu Kenya maneno haya si mapambo ya hotuba. Ibara ya 10 ya Katiba ya 2010 inataja ushirikishwaji wa wananchi, ujumuishaji, ulinzi wa waliotengwa na maendeleo endelevu kuwa maadili ya taifa, nayo yanamfunga kila ofisa anapotunga sera au kuitekeleza. Mtu anaweza kushtakiwa kwayo, na hapa Lamu serikali ilishtakiwa.

Kesi ya wavuvi ilisema nini hasa? Kila mtu ana yake.

Tuanze na bahari, maana asiyeijua hataielewa kesi.

Tarehe 2 Machi 2012 marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na waziri mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walikuja hapa kuzindua LAPSSET: bandari, barabara, reli na bomba la mafuta la kuunganisha nchi hizo tatu. Bandari ilichorwa iwe na magati 32 katika ghuba ya Manda. Ghuba ile kwenye ramani ni maji matupu. Kwa mwenye dau ni shamba. Kaskazi ikivuma, chombo kidogo chaweza kutoka nje ya miamba. Kusi ikiingia, bahari ya nje haiendeki kwa tanga wala kwa mashine ya nguvu ndogo, na mtu anabaki na mikondo ya ndani, penye mikoko na nyasi za bahari. Meli kubwa zinataka kina, kina kinataka kuchimbwa, na mchanga ukichimbuliwa maji yanachafuka na samaki wanahama. Kwa hiyo mradi ulichukua hasa mahali pa kuvulia katika miezi ambayo mvuvi mdogo hana pengine pa kwenda.

Wakaazi walikwenda mahakamani mwaka huo huo wa 2012. Mahakama Kuu ya Malindi ikatoa hukumu tarehe 30 Aprili 2018. Ilikubali kwamba haki zilivunjwa: haki ya kupata habari, haki ya mazingira safi, na haki ya utamaduni, kwa kuwa uvuvi wa asili ni sehemu ya maisha ya watu wa hapa na si kazi tu ya kubadilishwa kama shati. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamriwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Baada ya hukumu kukawa na rufaa na mazungumzo marefu, na gati la kwanza likafunguliwa 20 Mei 2021 huku watu wakiendelea kuulizia fidia yao.

Wengi hukumbuka hesabu ya pesa. Sisi tunaona uzito uko kwenye swali la *lini*. Wananchi walielezwa jambo likiwa limeshakatwa, na mahakama haikukubali kwamba kuelezwa ni sawa na kuulizwa.

Na ile ya makaa ya mawe?

Ile ilikuwa kinyume chake, ndiyo maana inafaa kuwekwa kando ya hii. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, wa megawati zipatazo elfu moja. Mikutano ilifanyika, na mapema kabisa. Lakini ilifanyika kabla ya uchunguzi wa athari kwa mazingira kukamilika, kwa hiyo watu waliulizwa maoni juu ya kitu ambacho madhara yake hawajaonyeshwa. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni. Mikutano ya utangulizi, ilisema, haiwezi kuhesabiwa kuwa maoni ya umma juu ya ripoti ambayo umma haujaiona. Iligusia pia kwamba sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa.

Basi mkutano unaweza kuchelewa, na unaweza pia kuwahi mno. Wakati wake ni pale karatasi zote ziko mezani na kalamu ya kutia sahihi bado iko mfukoni.

Kwani nyinyi mnapinga maendeleo?

La. Barabara ya kutoka Garsen imetiwa lami, na asiyeishukuru ni yule ambaye hakuwahi kukwama Witu na mgonjwa wakati wa masika.

Mbona kila tukiitwa tunakuta mambo yameshaamuliwa?

Kwa sababu mara nyingi tunaitwa mwishoni, na sisi wenyewe hatujui mwanzo ulikuwa lini. Hili tutalieleza kwa urefu, maana ndilo lenye faida kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Pesa ya kaunti ina kalenda, na kalenda hiyo imo ndani ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Juu kabisa kuna mpango wa miaka mitano, ambao maofisa huuita CIDP. Uliopo sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mradi usiokuwemo humo unapata tabu kupewa shilingi, hata mwakilishi wadi akiuahidi harusini. Kila mwaka unatolewa mpango mdogo wa maendeleo, ambao lazima ufikishwe kwenye bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba. Kisha ifikapo 28 Februari serikali ya kaunti inawasilisha waraka wa mkakati wa fedha, na humo ndimo mnamopangwa idara gani ipate kiasi gani: afya hivi, uvuvi hivi, mishahara hivi. Makadirio ya bajeti yenyewe yanafika 30 Aprili, yanapitishwa kabla ya 30 Juni, na mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai.

Sasa tazama sisi tunajaa ukumbini lini. Mei. Tunakwenda Mei kudai jokofu la samaki, na kumbe idara ya uvuvi ilikatiwa fungu lake Februari. Mei unaweza kuhamisha jokofu kutoka kijiji hiki hadi kile, ukagombana na jirani yako, lakini fungu lenyewe haliongezeki. Aliyekwenda Februari na Agosti, watu wakiwa saba ukumbini, ndiye aliyesikika.

Tena kuna kikao ambacho wengi hawajawahi kukisikia: Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti. Sheria inataka lianzishwe kila kaunti, likae na gavana, na nusu ya wajumbe wasiokuwa gavana watoke nje ya serikali: wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, watu wa dini. Uliza wa kwenu ni nani. Ukiambiwa hakuna anayejua, umeshapata ajenda ya mkutano ujao.

Mkutano ukitangazwa usiku kwa ajili ya kesho asubuhi, ni halali?

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 87, inataka wananchi wapate habari na nyaraka kwa wakati unaofaa. Usiku kwa ajili ya asubuhi si wakati unaofaa kwa mtu wa Kiwayu ambaye lazima atafute chombo, mafuta na maji kujaa.

Mmoja wetu aliwahi kuitwa hivyo na ofisi moja ambayo jina lake tutaliacha. Alipofika alikuta nakala moja tu ya waraka, kurasa zaidi ya mia mbili, Kiingereza kuanzia jalada hadi mwisho, imewekwa mbele kama msahafu ambao hakuna wa kuusoma. Watu wakatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, wakanywa soda, wakarudi. Karatasi ile ya mahudhurio ndiyo iliyokwenda kuwa ushahidi kwamba "wananchi walishirikishwa".

Tangu siku hiyo tunamshauri kila mtu: kabla ya kutia sahihi, andika kando ya jina lako "sikupewa waraka" au "waraka haukuwa kwa Kiswahili". Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi pia kwa ibara ya 7 ya Katiba. Mambo yakifika mbele ya hakimu, maneno yako machache pembeni mwa jina yana kazi.

Nikienda nitalipwa posho?

Wakati mwingine nauli hurejeshwa. Usiende kwa ajili hiyo, wala usimcheke anayeuliza: kwa mchukuzi wa mkokoteni, asubuhi moja mkutanoni ni chakula cha siku. Ndiyo maana tunasema mkutano wa wavuvi ufanywe wakati wa bamvua, maji yanapokuwa makali na wengi wao wako nchi kavu. Mwenye kupanga mkutano akiuliza mvuvi mmoja tu, atajua tarehe.

Sisi wanawake tukija, wanaume ndio wanaozungumza. Tufanyeje?

Mama aliyeuliza hili alikuwa Pate, na wanaume waliokuwapo wote waliangalia chini.

Sheria iko upande wenu, ila sheria haikai barazani kuwapa zamu. Kilichosaidia mahali kadhaa ni jambo dogo: wanawake kukutana kwanza peke yao, siku moja kabla, wakakubaliana mambo mawili, wakamchagua msemaji na wa kumkumbusha. Mwenye kikao akitangaza "maswali", wa kwanza kusimama awe huyo. Msemaji wa kwanza mara nyingi huwa amepanga mazungumzo ya wote wanaomfuata.

Na mwenye kuandaa mkutano asitegemee ukumbi mmoja. Mambo ya maji na zahanati yanajulikana zaidi na wanaoyateka na kuipangia foleni. Akitaka kuyasikia aende yaliko, asubuhi baada ya watoto kwenda chuoni, si saa ya kupika.

Na Waaweer? Na watu wa Kiunga?

Hapa ndipo neno "jumuishi" linapopimwa. Kaunti ina wadi 10, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920. Wadi ya Basuba, wanakokaa Waaweer, ina watu wachache, na kura chache. Kwa hesabu ya kisiasa tu, watafikiwa mwisho siku zote. Waaweer waliishi kwa msitu, kwa asali na mawindo. Uwindaji ukapigwa marufuku, kisha mashambulizi na operesheni za usalama yakaufanya msitu wenyewe kuwa mahali pa hofu, na shule za Basuba zikafungwa kwa miaka. Mtoto aliyekosa shule miaka hiyo hawezi leo kuambiwa ashindane sawa na wa Mpeketoni kwa kazi ya bandarini.

Kwa watu kama hao Katiba ina ibara ya 56, inayoidai serikali iwe na mipango maalumu ya elimu, ajira, maji na afya kwa jamii zilizotengwa. Ina pia ibara ya 204, Hazina ya Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa miaka ishirini, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za mwanzo. Fedha hizo zimekwenda kwa mwendo wa kobe, nayo miaka ishirini inahesabiwa tangu 2010. Fanya hesabu mwenyewe.

Kaunti yetu ina pesa kiasi gani hasa?

Mgao wa Lamu ndio mdogo zaidi katika kaunti zote 47. Mwaka wa fedha wa 2021/22 ulikuwa takriban shilingi bilioni 3.1, wakati kaunti zote kwa pamoja zilipata bilioni 370. Ukiweka fidia ya wavuvi kando ya hesabu hiyo, ile bilioni 1.76 ni zaidi ya nusu ya mgao wa mwaka mzima. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Inayobaki ni mishahara, dawa, mafuta ya boti za wagonjwa na mengine ya kila siku.

Kwa hiyo msimlaumu gavana kwa kila kitu. Bandari ni ya serikali ya kitaifa, polisi vilevile, na shule za msingi pia. Kaunti ina zahanati, chekechea, maji, masoko, uvuvi wa huku kwetu na barabara ndogo. Malalamiko mengi tunayoyasikia yamepelekwa mlango usio wake, yakakaa.

Kuna nchi nyingine zisizo tajiri zilizofaulu katika haya?

Ziko, na hakuna iliyofaulu kwa hotuba. Mji wa Porto Alegre, Brazil, ulianza mwaka 1989 kuwaachia wakaazi wa mitaa waamue wenyewe sehemu ya bajeti ya miradi. Mitaa maskini ikachagua mabomba ya maji na mitaro ya maji machafu, vitu ambavyo mwanasiasa havimpendezi kwa kuwa vinafukiwa chini na hakuna pa kubandika jina. Utaratibu huo ulidhoofika baadaye siasa zilipobadilika, na tunalitaja hilo kwa makusudi: jambo lililosimama kwa hisani ya kiongozi huondoka naye.

Jimbo la Kerala, India, lilikwenda mbali zaidi. Kuanzia 1996 lilipeleka zaidi ya theluthi ya bajeti yake ya mipango kwenye mabaraza ya vijiji na miji. Brazil tena, mwaka 2003, ilianzisha Bolsa Família: familia maskini inapewa fedha, kwa kawaida mkononi mwa mama, kwa sharti watoto waende shule na wachanjwe. Kwetu ndugu yake wa mbali ni Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Kidogo, na mara nyingine hukawia, lakini muulize bibi asiye na mtoto Mombasa wa kumtumia pesa.

Tulikatazwa mikoko. Tule nini?

Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Babu zetu waliijua kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja na kazi yake na bei yake, majahazi yakaipeleka hadi Ghuba ya Uajemi. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii nchi nzima kwa sababu ya mito ya bara kukauka, na mkata mikoko wa hapa akaangukiwa na sheria iliyotungwa kwa ajili ya milima asiyowahi kuiona. Huo ni mfano mzuri wa sera nzuri isiyo jumuishi. Nia yake ilikuwa kulinda, lakini hakuna aliyekuja kuuliza nani anaishi kwa mti huo na atapewa nini badala yake.

Njia zipo. Costa Rica tangu 1997 inawalipa wenye misitu waiache isimame, na sehemu kubwa ya fedha hutoka kwenye kodi ya mafuta ya magari. Karibu zaidi, Gazi huko Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013 unauza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na mapato yameingia kwenye maji na shule za kijiji. Lakini kabla ya yeyote kuja Lamu na mkataba wa namna hiyo, ulizeni mambo matatu: ni wa miaka mingapi, jamii inapata kiasi gani kati ya kila shilingi mia, na je, mkataji bado ataruhusiwa kukata kwa kiasi kwa ajili ya nyumba yake. Kijana akija na tabuleti na fomu za kutia dole gumba, mwambie arudi na nakala ya Kiswahili.

Bandari iko. Kazi ziko wapi?

Nyingine zinataka vyeti ambavyo wengi wetu hatuna, na hilo la kusomesha lilipaswa kuanza miaka kumi kabla ya gati la kwanza. Kwa zabuni kuna mlango: asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi lazima kiwe kimesajiliwa na kiwe na cheti chake kabla zabuni haijatangazwa.

Mimi niko Malindi. Haya yananihusu?

Yote, isipokuwa ofisi zako ziko Kilifi. Kalenda ni ileile.

Nimeandika kuomba waraka, sijajibiwa. Nifanye nini?

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika ofisa lazima amsaidie. Hutakiwi kueleza unautakia nini waraka huo. Kupeleka ombi ni bure, nakala tu ndizo zinazoweza kulipiwa. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48.

Peleka barua mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Bila muhuri siku hazihesabiki. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki za Kiutawala. Na kama ni leseni ya mazingira unayotaka kuipinga, siku zako ni 60 tangu uamuzi kutolewa. Muhuri, basi, na tarehe iliyo juu yake isomeke. Wino ukiwa hafifu mwombe karani agonge tena.